Kujifunza Kuendesha Pikipiki Kubwa ya Safari Mchangani

Honda Africa Twin ya cc 1,100 ina uzito wa kilo 226 hivi ikiwa na mafuta tangini, na BMW R 1250 GS hufikia kilo 249, na hapo mwendeshaji hajapanda wala mzigo haujafungwa. Huo ni takriban mara mbili ya uzito wa pikipiki za bodaboda ambazo wengi wetu tulijifunzia. Kwenye lami tofauti hiyo haisikiki sana, na hata kwenye barabara ya murram mtu huweza kujisahau. Lakini siku gurudumu la mbele linapoingia kwenye mchanga mwingi kwa mara ya kwanza, mazoea ya bodaboda hugeuka kuwa adui. Mwendeshaji hukaa kitako, hushusha miguu yote miwili, hupunguza mafuta na kujaribu kutambaa. Kwa pikipiki nyepesi mbinu hiyo hufaa, kwa sababu miguu inaweza kuishikilia inapoyumba. Pikipiki ya kilo 250 ikianza kulala, mguu hauizuii. Mguu ndio unaovunjika.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayeiendesha pikipiki yake kubwa vizuri barabarani na sasa anataka kuipeleka kaskazini mwa Kenya, kwenye njia za Laisamis, Kargi, Kalacha, North Horr na Loiyangalani, ambako mchanga haukwepeki. Huko mito ya msimu, ambayo wenyeji na madereva huiita laga, huikata njia kila baada ya mwendo fulani. Nyingine ni za hatua ishirini tu, na nyingine, kama Milgis, ni pana kiasi kwamba unaingia ukiwa na uhakika na kufika katikati ukiwa unasali. Kanuni zenyewe ni zile zile kwa mchanga wa Dodoma au wa ufukweni, ila nitaeleza pale ambapo ardhi ya kaskazini inadai tahadhari yake.

Kwanza ni vyema kuelewa kinachotokea chini ya tairi, kwa sababu asiyeelewa atafanya kinyume kila atakapoogopa. Mchanga mkavu haushikani. Gurudumu la mbele linapouingia huusukuma mbele yake kama jembe, na kadiri linavyobeba uzito mwingi ndivyo linavyozama na kusukuma mchanga mwingi zaidi. Unapopunguza mafuta ghafla au kushika breki ya mbele, uzito wote hukimbilia mbele. Gurudumu huzama, usukani hujikunja wenyewe upande mmoja, na pikipiki huanguka hata kabla hujajua kosa lako. Unapoongeza mafuta, uzito hurudi nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi na kupanda juu ya mchanga, nayo pikipiki hunyooka. Kwa hiyo mafuta, ambayo akili inakuambia uyapunguze, ndiyo yanayokuweka wima. Karibu kila kitu kitakachofuata ni njia ya kuufundisha mwili ukubali jambo hilo moja.

Maandalizi huanza na upepo wa matairi, na hapa sitaharakisha, kwa sababu nimewaona watu wenye kipaji wakihangaika asubuhi nzima kwa kuwa tu walikuwa wavivu wa kutoa upepo. Barabarani pikipiki hizi hujazwa paundi 36 hivi mbele na 42 nyuma, hasa zikibeba mzigo. Kwa upepo huo tairi ni gumu na eneo linalogusa ardhi ni dogo, hivyo huchimba badala ya kuelea. Kwa mazoezi, shusha hadi paundi 22 mbele na nyuma. Mchanga ukiwa tifutifu na usio na mawe, unaweza kufika 18. Utasikia wasafiri wa jangwa wakijisifu kwamba wao hushuka hadi 15 au chini yake, na kwenye vilima vya mchanga mtupu wana haki yao; lakini njia za Marsabit zimejaa mawe meusi ya volkano, na jiwe moja kati ya hayo, likipigwa na tairi legevu kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, litapinda rimu. Afadhali kuhangaika kidogo kwenye mchanga kuliko kusubiri lori la ng'ombe likubebe wewe na rimu iliyopinda.

Ikiwa matairi yako yana tyubu, kuna hatari nyingine. Upepo ukiwa mdogo, tairi huweza kuteleza juu ya rimu kila unapoongeza mafuta, likaivuta tyubu pamoja nalo na kuing'oa valvu. Dawa yake ni ndogo: ile nati ya valvu usiikaze kwenye rimu, bali ipandishe juu hadi kwenye kifuniko cha valvu. Kila unapopumzika, itazame valvu. Ikiwa imesimama wima, endelea. Ikiwa imeinama, tairi limeanza kutembea, nawe ongeza upepo kidogo na ulirudishe mahali pake kabla tyubu haijachanika. Bila shaka haya yote yanadai uwe na kipima upepo na pampu ya umeme inayotumia betri ya pikipiki. Asiye na pampu asitoe upepo.

Matairi yenyewe yawe na meno makubwa yaliyoachana, hasa la mbele. Tairi la barabarani lenye mifereji myembamba hupita mchangani, ila hupotea upande haraka na husamehe makosa machache. Mzigo uwe mdogo, chini, na karibu na katikati ya pikipiki. Wakati wa mazoezi ondoa masanduku ya pembeni kabisa. Yale ya bati ngumu hupendeza kwenye picha, lakini mguu ukishuka na kubaki nyuma, sanduku huukanyagia chini. Wanaokwenda safari ndefu wafikirie mifuko laini. Tangi nalo lisijazwe siku ya mafunzo, kwa kuwa lita kumi za petroli ni zaidi ya kilo saba zinazoning'inia juu.

Mwili uvishwe kabla ya kufikiria kingine chochote. Buti ngumu za kupanda hadi chini ya goti si anasa, kwa maana kifundo cha mguu ndicho kinachoumia mara nyingi zaidi katika maanguko ya mwendo mdogo. Helmeti, glavu, kinga za magoti na viwiko, na maji ya kutosha: kwa nusu siku ya mazoezi kwenye joto la kaskazini, lita tatu kwa mtu mmoja ni kiwango cha chini.

Kisha kuna vifaa vya kielektroniki. Mfumo wa kuzuia gurudumu la nyuma lisizunguke bure ni rafiki mkubwa kwenye lami yenye mvua, lakini mchangani huona gurudumu likizunguka kidogo, hudhani kuna ajali, na hukata nguvu ya injini wakati ule ule unapoihitaji. Uzime, pamoja na ABS ya nyuma, yaani mfumo unaozuia breki zisilifunge gurudumu, ikiwa pikipiki yako inaruhusu. Kumbuka pia kwamba pikipiki nyingi hurudisha mifumo hii yenyewe kila swichi inapozimwa. Baada ya kuanguka na kuwasha upya, kagua tena, la sivyo utashangaa kwa nini ghafla pikipiki imekuwa nzito.

Uwanja mzuri wa mazoezi ni laga pana, kavu, iliyonyooka kwa mita mia mbili hivi, isiyo na magogo wala mawe, na yenye ardhi ngumu pembeni ya kuanzia na kumalizia. Nenda na mwenzako, usiende peke yako. Nenda asubuhi. Mchanga wa alfajiri huwa na unyevu kidogo unaoushikanisha, na jua likiwa chini vivuli huonyesha kila mfereji na kila tuta; saa sita mchana mchanga wote huonekana bapa, nawe hugundui shimo mpaka umo ndani yake. Wakati wa mvua za masika, Machi hadi Mei, na za vuli, Oktoba hadi Desemba, tazama milima iliko mbali kabla ya kuingia lagani, kwa kuwa maji huweza kushuka ghafla kutokana na mvua iliyonyesha mahali usipopaona, huku juu yako mbingu ni safi. Usiegeshe pikipiki ndani ya laga, wala usipumzikie humo kwa sababu ya kivuli.

Somo la kwanza ni kuinua pikipiki, kabla hata ya kuiendesha. Ilaze taratibu, kwa msaada wa mwenzako. Zima injini kwa swichi ya kidole, acha gia ya kwanza ikiwa imeingia ili gurudumu lisiviringike, na kama imelalia upande wa kulia, teremsha standi ya pembeni kwanza ili isije ikaangukia upande wa pili baada ya kuinuka. Kunja usukani hadi mwisho kuelekea upande iliolalia. Igeuzie mgongo, egemeza makalio kwenye kiti, shika usukani kwa mkono mmoja na fremu au kishikio cha abiria kwa mkono mwingine, kisha sukuma kinyumenyume kwa nguvu ya mapaja, hatua fupi fupi, mgongo ukiwa umenyooka. Ukishindwa kufanya hivyo peke yako siku ambayo umepumzika vizuri, umekwisha jua kwamba huwezi kusafiri bila mwenzako, na hilo ni jambo la maana kulijua mapema.

Sasa kuondoka. Anza kwenye ardhi ngumu kila inapowezekana, ili uingie mchangani tayari ukiwa na mwendo. Ikibidi uanzie mchangani, nyoosha usukani kabisa, tumia gia ya pili ikiwa injini yako ina nguvu ya kutosha chini, na achilia klachi polepole huku ukiyaongeza mafuta kwa upole. Gurudumu la nyuma likizunguka kwa kasi halikupeleki mbele, linakuchimbia kaburi. Saidia kwa miguu, hatua mbili tatu, kisha mara tu pikipiki inaposonga pandisha miguu kwenye vikanyagio na usimame.

Kusimama si mtindo. Ukikaa, uzito wako wote uko kwenye kiti, juu, na kila mtikisiko wa pikipiki hukutikisa wewe pia. Ukisimama, uzito huo hushuka hadi kwenye vikanyagio, na pikipiki hupata nafasi ya kucheza chini yako huku kiwiliwili kikibaki kimetulia. Magoti yaliyokunjwa kidogo yabane tangi, makalio yarudi nyuma kidogo, viwiko vitoke nje. Mikono ishike usukani kama mtu anavyoshika yai. Wanafunzi wengi hukosea hapa, nami nilikosea kuliko wengi. Siku yangu ya kwanza lagani nilianguka mara nne ndani ya mita mia moja, na kijana mchungaji aliyekuwa akinisaidia kuinua aliniuliza, kwa adabu zote, kwa nini nilikuwa namshika mnyama masikio ilhali yeye alitaka kukimbia. Alikuwa ameona kwa dakika tano kile ambacho sikukiona. Usukani mchangani lazima ucheze kushoto na kulia. Ndivyo gurudumu linavyotafuta njia yake, na umbo la pikipiki lenyewe hulirudisha katikati. Ukiukaza mkono, unaizuia pikipiki kujisahihisha, na kila mtikisiko mdogo hugeuka kuwa mkubwa.

Macho yaende mbali, mita ishirini au thelathini mbele, mahali unapotaka kutokea. Pikipiki hufuata macho. Ukitazama gurudumu la mbele utaona likitapatapa, utaogopa, utapunguza mafuta, na tumesharejea mwanzo wa maelezo haya.

Mwendo wa mwanafunzi uwe wa gia ya pili kisha ya tatu. Kuna kasi ambayo chini yake pikipiki hulima na juu yake huelea. Kwenye mchanga wa laga nilizozoea, mpaka huo huwa kati ya kilomita 30 na 40 kwa saa, na unapouvuka unausikia waziwazi, kwa kuwa usukani hutulia ghafla kana kwamba mtu ameushika. Usidhani basi kwamba kasi kubwa zaidi ni salama zaidi. Anayeanguka kwa kilomita 40 huinuka akijifuta mchanga, na anayeanguka kwa 80 huhitaji ndege. Ukihisi pikipiki inaanza kuzama, rudisha makalio nyuma zaidi na ongeza mafuta kidogo kidogo mpaka inyooke. Ikiwa imekwisha kulala kiasi cha kutorudi, iache iende, usiifuate kwa mguu.

Rudia mstari ulionyooka mara nyingi, pengine siku nzima, kabla ya kufikiria kona. Pumzika kila baada ya dakika ishirini, kwa sababu mtu aliyechoka hukaa, aliyekaa hupunguza mafuta, na maanguko ya saa ya mwisho ndiyo yanayoumiza. Kona za mchangani ni pana na za subira. Hazikatwi kwa usukani; unakanyaga kikanyagio cha ndani, unailaza pikipiki kidogo huku mwili ukibaki wima upande wa nje, na mafuta yanaendelea kuingia bila kukatika tangu mwanzo wa kona hadi mwisho.

Mifereji ya matairi ya malori ni mtihani wa pekee. Ukiingia katika mmoja, baki humo na tazama mbali, maana kujaribu kutoka kwa pembe ndogo hulifanya gurudumu la mbele kupanda ukingo huku la nyuma likibaki. Ukilazimika kutoka, ongeza mafuta, lenga ukingo kwa pembe kubwa na fanya kwa uamuzi mmoja. Mara nyingi mchanga ambao haujakanyagwa, pembeni ya mifereji, una ngozi nyembamba ngumu inayobeba vizuri zaidi, lakini huo pia ndio unaoficha magogo yaliyoletwa na mafuriko.

Kusimamisha pikipiki kunahitaji mpango. Chagua mapema mahali pagumu, au mahali panapoteremka kuelekea unakokwenda, ili kuondoka tena kuwe rahisi. Punguza mafuta taratibu ukiwa umenyooka na uzito ukiwa nyuma. Mchanga wenyewe utakuwa breki. Kama lazima, gusa breki ya mguu, na ya mbele isahau. Chini ya standi weka jiwe bapa au kipande cha ubao, vinginevyo utageuka kunywa maji na kuisikia ikilala nyuma yako.

Ukikwama, jambo la kwanza ni kuacha mafuta. Kila sekunde ya gurudumu kuzunguka ni sentimita nyingine ya kuzama, na klachi inaungua. Ukisikia harufu ya kuungua, zima injini na usubiri ipoe, hata kama ni dakika ishirini. Pikipiki iliyozama hadi chini ya injini husimama yenyewe bila standi, jambo linalochekesha mara ya kwanza. Ilaze upande mmoja, jaza mchanga kwenye shimo la gurudumu na ukanyage mpaka ushikane, inua, kisha ondoka kwa kutembea kando yake upande wa kushoto, ukiisaidia kwa gia ya kwanza na klachi, bila kuipanda. Usiiache imelala muda mrefu, kwa kuwa petroli huvuja. Kama bado haitoki, toa paundi tatu zaidi kwenye tairi la nyuma na mwenzako asukume.

Laga ya kweli, tofauti na uwanja wa mazoezi, ivuke kwanza kwa miguu yako. Kufanya hivyo hugharimu dakika kumi. Mchanga mwingi kwa kawaida hukusanyika chini ya ukingo unaoteremkia, pale pale ambapo mgeni anashika breki, hivyo breki zote ziishe juu ya ukingo na mafuta yaanze kuingia kabla gurudumu halijagusa chini. Angalia pia utakakotokea: ukingo wa pili ukiwa mwinuko mkali, unahitaji mwendo uliobaki wa kuupanda.

Jangwa la Chalbi ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni kitanda cha ziwa lililokauka na si mchanga. Wakati wa kiangazi uso wake wa chumvi ni mgumu na mtu hupita bila taabu. Baada ya mvua, chini ya ngozi ile nyeupe hubaki matope yanayomeza pikipiki hadi kwenye kiti. Fuata alama za magari zilizo mpya, epuka mahali penye rangi nyeusi zaidi, na kabla ya kuondoka Kalacha au North Horr waulize madereva wa malori waliopita siku hiyo. Jibu la jana halitoshi.

Mchanga ukiisha, na kabla ya kupita kwenye mawe au lami, jaza upepo tena. Tairi la paundi 20 kwa kasi ya barabara kuu hupata joto jingi na huweza kupasuka, na kutoka Laisamis kwenda Isiolo kishawishi cha kukimbia ni kikubwa kwa kuwa lami ni nzuri. Jioni fungua filta ya hewa, ipulize au ibadilishe kwa ile ya akiba, maana vumbi la kaskazini ni laini kama unga na hupenya kila mahali. Kagua spoki kwa kuzigonga moja moja na kusikiliza iliyolegea. Na cheni isafishe kwa brashi kavu kabla ya kuitia mafuta, kwa kuwa mafuta yakikutana na mchanga huwa msasa.